Kutoa na Kununua

Hapana tendo lililo jepesi kusifiwa kama kutoa. Yasemwa na wote kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Walakini wengi wasemao hivyo hutazama mkono wa mtoaji, wakausahau uso wa mpewaji. Thamani ya sadaka hujulikana kwa hali imwachayo aliyeipokea. Ikimwacha huru ni sadaka. Ikimwacha amefungwa ni bei aliyonunuliwa.

Historia ya harambee katika nchi ya Kenya ni shahidi wa neno hili. Harambee ulikuwa mwito wa watu wavutao au wainuao kitu kizito kwa pamoja. Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa mwaka 1963, na neno lenyewe likaandikwa katika nembo ya nchi. Vijijini watu hawakumngoja tajiri. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi, mwenye nguvu alifyatua matofali, asiye na kitu aliteka maji na kubeba mchanga. Mamia ya shule za sekondari yalisimama kwa jasho hilo, na zahanati kadhalika. Kila mtoaji alikuwa mpokeaji, maana mtoto wake ndiye atakayesoma. Hapakuwa na mtu wa kuinamiwa.

Kisha likaja jukwaa, na kipaza sauti juu yake. Majina yakasomwa pamoja na kiasi cha fedha. Mkubwa akaja mwisho na bahasha nene, umati ukapiga makofi. Aliyetoa shilingi kumi za jasho akaona haya. Aliyetoa malaki yasiyoulizwa asili yake akapata kura. Mwaka 2003 sheria ya maadili ilimkataza mtumishi wa umma kutumia ofisi au cheo chake kukusanya michango ya harambee. Haikutosha. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa dola na watumishi wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Novemba ya mwaka uo huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kuzirudisha fedha alizozitoa Rais huyo huyo kwa parokia moja ya mji ule.

Watetezi wa jukwaa husema kuwa mwenye njaa haulizi chakula kimetoka wapi, na kwamba karo ikilipwa makelele si kitu. Hoja hii ina sura ya huruma, lakini moyo wake ni dharau. Mwenye njaa huuliza sana, ila hana wa kumsikiliza. Mzazi aliyelipiwa karo hadharani hurudi nyumbani na stakabadhi moja na madeni mawili: deni la shukrani, na deni la kunyamaza. Barabara ikiharibika, dawa zikikosekana hospitalini, akitaka kusema huulizwa, "Si huyu aliyekusomeshea mwana?" Basi karo ile imelipwa kwa ulimi wake.

Fauka ya hayo, shule ingojayo bahasha aghalabu ni ile ambayo kodi ilipasa kuijenga. Haki ya raia humrudia katika vazi la hisani, naye hutakiwa apige magoti kuipokea. Huko ni kuibiwa mara mbili: kwanza mali, kisha shukrani.

Haisemwi kuwa wenye mali wasitoe. Watoe, tena watoe sana, maana yatima, mgonjwa na mjane hawawezi kungoja mpaka serikali zote ziwe njema. Lakini wahenga waliagiza: tenda wema, nenda zako. Watu wengi huliona agizo hilo kuwa faraja ya mtenda wema asiyeshukuriwa. Maana yake iliyo kubwa zaidi ni ulinzi wa mtendewa. "Nenda zako" ni amri ya kumwachia njia apite, kichwa chake kikiwa juu. Mtoaji asiyeweza kuondoka baada ya kutoa hajatoa kitu. Ameweka rehani, na siku moja atarudi kuidai.