Tikitimaji kubwa au dogo? Pima kabla ya kulipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huu wa wahenga unafaa hata sokoni, mbele ya rundo la matikitimaji.

Tuseme muuzaji anataka shilingi 150 kwa dogo na 300 kwa kubwa. Akina mama wengi, na akina baba pia, huona kubwa limelizidi dogo kidogo tu, basi wakachukua dogo. Je, wameokoa pesa kweli?

Chukua uzi, uzungushe katikati ya tunda, kisha uupime kwa rula. Huo ndio mzingo. Ugawanye kwa 22/7 upate kipenyo, nacho ukigawe kwa mbili upate nusu kipenyo. Sasa zidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kwa nusu kipenyo tena. Jibu lizidishe kwa 22/7, na mwisho kwa 4/3. Hapo umepata mjazo wa tufe, yaani kitu cha mviringo kama mpira.

Dogo likiwa na mzingo wa sentimita 66, nusu kipenyo chake ni 10.5, na mjazo ni karibu lita tano. Kubwa la mzingo wa sentimita 88 lina nusu kipenyo cha 14, na mjazo wake unapita lita 11! Umelipa mara mbili, lakini umebeba zaidi ya mara mbili na theluthi. Tena ganda likiwa na unene uleule, kubwa ndilo lenye nyama nyingi zaidi kwa kila shilingi.

Maarifa haya ni ya kale. Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse aliyefariki mwaka wa 212 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa tufe huchukua theluthi mbili za mkebe wenye kimo na kipenyo sawa na chake.

Hata hivyo, tahadhari. Hesabu hii haifai kwa tikitimaji refu. Na kama mko wawili tu nyumbani na hamna friji, kubwa litawaozea, faida igeuke hasara. Nunua dogo.

Lakini ikiwa watoto ni wengi, mpe mmoja wao uzi na kalamu akupigie hesabu. Atajifunza hisabati, nawe utajua shilingi yako imekwenda wapi.