Tamko la Walimu wa Mpira wa Kikapu wa Shinyanga na Geita Kuhusu Mabenchi ya Ufundi ya Timu za Wanaume za Vyuo

Ndugu wakuu wa vyuo, washauri wa wanafunzi, viongozi wa serikali za wanafunzi, maofisa michezo wa halmashauri, wanahabari na wapenzi wa kikapu:

Sisi makocha na makocha wasaidizi tunaofundisha mpira wa kikapu katika mikoa ya Shinyanga na Geita tumekutana, tumejadiliana na tumekubaliana kulisema jambo hili hadharani. Timu za wanaume za vyuo vyetu zimezoea kuingia uwanjani bila benchi la ufundi. Jezi zipo, mipira ipo, vijana warefu wenye mbio wapo. Kocha hayupo. Au yupo mmoja, anafanya kazi ya watu watano, na nauli anajilipia mwenyewe. Tumelinyamazia jambo hili muda mrefu mno.

Kwa wasioujua mchezo huu kwa karibu, tuanze na karatasi ya alama. Chini ya majina ya wachezaji kuna nafasi mbili: moja ya kocha mkuu, nyingine ya kocha msaidizi wa kwanza. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, zinamtaka kocha mkuu ahakiki majina ya timu yake, aonyeshe watano watakaoanza, na atie saini angalau dakika 10 kabla ya mchezo. Taimauti, yaani kusimamisha mchezo kwa muda, anaiomba yeye au huyo msaidizi, si mwingine. Timu ina taimauti mbili katika nusu ya kwanza na tatu katika nusu ya pili, kila moja dakika moja. Nafasi hizo za majina zikibaki tupu, kanuni zimeweka njia ya dharura: nahodha anakuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Kwetu dharura hiyo imegeuka desturi.

Mwaka jana baadhi yetu tulikaa pembeni ya uwanja mmoja wa saruji tukiangalia timu ya chuo ambacho hatutakitaja. Nahodha wao alikuwa mpandishaji mipira, kijana mwenye macho mazuri ya uwanja, na jina lake liliandikwa mara mbili kwenye karatasi. Robo ya tatu haijaisha alikuwa na faulo nne. Kocha yeyote angemtoa dakika ile ile, amtunzie ile faulo moja iliyobaki kwa ajili ya robo ya mwisho. Nani angemtoa? Kocha ni yeye. Alitaka taimauti, lakini mpira ulikuwa mikononi mwake na meza iko upande wa pili, akaendelea kucheza huku akipiga kelele za kupanga ulinzi. Dakika chache baadaye alipata faulo ya tano. Kanuni zinamruhusu nahodha aliyetolewa kwa faulo tano kuendelea kuwa kocha, basi akajifunika taulo mabegani, akakaa, na kwa mara ya kwanza jioni ile akauona mchezo wote. Akaanza kuelekeza vizuri sana. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi ambazo hazikurudi tena.

Kijana yule hana kosa, na tunasema hivyo kwa sababu baada ya mchezo wenzake walimlaumu yeye. Aliyekosea ni aliyempa kazi mbili zisizoweza kufanywa na mtu mmoja.

Watu wa ukanda huu hatuhitaji kufundishwa maana ya kazi ya pamoja. Nenda kwenye duara lolote, yaani shimo la wachimbaji wadogo, Geita, Kahama au Mbogwe. Hakuna anayeshuka chini kabla hajajulikana nani anabaki juu kushika kamba, nani anahesabu viroba, nani msimamizi. Na kabla jiwe la kwanza halijatoka, mgawo wa kila mmoja umeshakubaliwa, wa mwenye duara, wa mwenye eneo na wa mchimbaji. Anayeshika kamba hapigi sururu hata mara moja, lakini hakuna mchimbaji atakayekuambia kwamba yule si mtu wa kazi. Wasukuma nao hawakupeleka wacheza ngoma kwenye mashindano bila manju wa kuwaongoza. Iweje basi vijana wetu wa chuo tuwashushe uwanjani bila mtu wa juu?

Benchi tunalolizungumzia si la anasa. Kwanza ni kocha mkuu, anayepanga mazoezi na kubeba lawama. Pili ni kocha msaidizi, na hapa tunaomba tusikilizwe, maana wengi wanamdhania ni mbeba mipira. Msaidizi ndiye anayemfuatilia mpinzani huku mkuu akiifuatilia timu yake. Anaona kwamba yule namba 9 anakwenda kulia kila mara, kwamba senta wao amechoka harudi kujilinda, kwamba mchezaji wetu ana faulo tatu na amekasirika. Kanuni haziwaruhusu wote wawili kusimama kwa pamoja, akisimama mmoja mwingine akae, na aliyekaa ndiye anayenong'ona yaliyo muhimu. Kocha asiye na msaidizi hana wa kumwambia "mwalimu, subiri kidogo" kabla hajamaliza taimauti zake zote kwa hasira.

Tatu ni mtu wa huduma ya kwanza. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji, na kiangazi vumbi hulala juu yake hadi kiatu kinateleza. Kifundo cha mguu kikipinduka, dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama kijana atarudi baada ya siku chache au atachechemea muhula mzima. Tumeona vifundo vilivyovimba vikikandwa kwa nguvu na kuvutwa na mtu aliyedhani anasaidia. Nne ni mwenye daftari, anayehesabu ribaundi, mipira iliyopotezwa na mitupo huru iliyokosa. Tano ni meneja wa timu, wa kushughulika na usafiri, maji na barua. Jamani, hawa watu tunao. Kolandoto kuna chuo cha afya, kina vijana wanaosomea kazi hiyo hiyo ya kutunza wagonjwa. Kizumbi, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wapo wanaosomea hesabu na biashara. Kinachotakiwa ni vyuo kuombana watu kwa barua.

Tanzania imeshaona kazi ya benchi kamili. Hasheem Thabeet aliugusa mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, Dar es Salaam. Urefu wake wa zaidi ya mita mbili alipewa na Mungu. Lakini mwaka 2006 alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alimkuta kocha Jim Calhoun, aliyekwishatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1999 na 2004, na nyuma ya Calhoun kulikuwa na wasaidizi, watu wa viungo na watu wa tiba. Ndani ya miaka mitatu kijana yule akawa mzuiaji anayeogopwa katika vyuo vya nchi nzima, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, akaenda Memphis. Hatudai kila chuo chetu kiwe Connecticut. Tunachosema ni kwamba timu ile ilikuwa ya wanafunzi wa chuo, kama hawa wetu.

Na wataalamu hawako mbali. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo Kwimba, kwenye reli hiyo hiyo inayotoka Shinyanga kwenda Mwanza. Serikali inasomesha pale walimu wa michezo, wengine wakirudi nyumbani wanakaa bila timu huku timu zikikaa bila mwalimu. Badala yake, kocha wa chuo mara nyingi huteuliwa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, kwa mdomo, wiki mbili kabla ya mashindano, na waziri huyo akimaliza muda wake kocha naye amekwisha. Tunaheshimu uongozi wa wanafunzi. Kazi ya ualimu, hata hivyo, haiwezi kufuata kalenda ya uchaguzi wao.

Hatujitoi lawamani. Wapo wenzetu wanaoshika timu tatu kwa pamoja na kuonekana siku ya mchezo tu. Wapo wanaowatukana vijana mbele ya watazamaji wakidhani huo ndio ukali wa mwalimu. Wapo waliokataa kuwa na msaidizi kwa kuogopa kunyang'anywa nafasi. Tumekubaliana kuwa yeyote kati yetu asishike zaidi ya timu moja ya chuo, na kwamba kila kocha mkuu amlee msaidizi mmoja kijana, kwa kipaumbele nahodha aliyemaliza masomo.

Kuhusu fedha, tutasema wazi. Tunapoishi kuna dhahabu. Mgodi wa Geita umezalisha tangu mwaka 2000, Bulyanhulu tangu 2001. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri nazo hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Fedha hizo zina kazi nzito za madarasa, zahanati na maji, nasi hatuombi zahanati moja ipunguzwe. Tunaomba pale panapoandikwa "michezo" katika mipango hiyo, pasiishie kwenye jezi na kombe. Paandikwe pia posho ya mwalimu na ada ya kozi yake. Stand United, Mwadui na Geita Gold zilipopanda Ligi Kuu ya soka, kila mtu kijiweni alitaka kujua kocha ni nani. Kikapu nacho kiulizwe swali hilo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo watoe barua ya uteuzi kwa kocha mkuu na kocha msaidizi, yenye muda usiopungua mwaka mmoja na posho iliyotajwa kwa tarakimu, kabla ya muhula ujao kuanza. Tunawaomba waandaaji wa mashindano ya vyuo katika mikoa hii wasiipokee timu ambayo nafasi zile mbili kwenye karatasi ya alama ziko tupu, isipokuwa kocha ameugua au amefiwa. Tunawaomba maofisa michezo watupatie orodha ya walimu waliosomea kazi hii katika wilaya zao, nasi tutapita chuo kwa chuo kuwatambulisha. Na wewe nahodha unayesoma tamko hili, ukipewa karatasi ya alama uandike jina lako mara mbili, mrudishie mshauri wa wanafunzi kalamu, umwombe kwa heshima atafute mwalimu.

Limetolewa Shinyanga mjini, kwa niaba ya makocha wa mpira wa kikapu wa Shinyanga na Geita.