Sahani ya sombe inapita bariyeri ngapi?

Katika kila jamaa ya Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira kuko mutu mumoja anayependa kula kupita wengine. Asubuhi, mbele hata ya kunawa uso, anauliza leo watapika nini. Anaweza kula muchele na kuku kwenye karamu ya ndoa, arudilie sahani mara mbili, na mangaribi akifika nyumbani aseme hajakula kitu. Watu wa nyumba wanacheka. Wanajua anachotafuta: bugali ya muhogo yenye moto, sombe iliyopikwa na mawese mpaka mafuta yapande juu, na sambaza za kukaanga kandokando. Na pilipili.

Lakini kwa mutu huyo, na kwa wengi walio kama yeye, sahani iliyokuwa ya kila siku inakuwa sahani ya kupangia. Inaulizwa bei mbele ya kuulizwa ladha. Na sababu haiko shambani, wala haiko ziwani. Iko barabarani.

Sombe kwanza, juu kuko wanaoidharau. Wanaipikia wageni kama tu nyama imekosa, na wanaomba musamaha wakati wa kuipakua. Hao hawajaangalia kazi inayoingia ndani ya ile sufuria. Muhogo si muti wa asili ya Afrika: ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta kwenye pwani za Afrika katika karne ya 16, kisha ukaingia ndani ya bara pole pole, kutoka kijiji mupaka kijiji. Katika sehemu nyingi zinazolima muhogo, watu wanakula mizizi na kuacha majani. Huku kwetu majani ndiyo mboga yenyewe.

Na si mboga ya kuchezea. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kinu kinayavunja, na kule kuvunja ndiko kunaifungulia sumu njia ya kutoka. Kisha maji ya moto yanaifukuza pamoja na mvuke. Ndiyo maana mabibi wanakataza kufunika sufuria mwanzoni. Hakuna bibi aliyesoma hilo katika kitabu cha kemia. Alimuona mama yake akiondoa kifuniko, naye akamuambia binti yake aondoe kifuniko, bila maelezo mengi.

Kisha inakuja saa ya kungoja. Sombe ya haraka haiko. Inachemuka saa moja, saa mbili, mara nyingine zaidi, ndipo bitunguru, puaro, biringanya na pilipili ya kijani vinaingia, kisha mawese, na katika nyumba zingine karanga iliyosagwa. Mawese ile nyekundu inaleta vitamini A, sambaza inayoliwa nzima pamoja na mifupa yake inaleta kalsiamu na nguvu za mwili. Munganga akimuandikia mutoto chakula cha kumujenga, hataandika kitu cha mbali sana na sahani hiyo. Masikini wa jana walikuwa wanakula vizuri kuliko tajiri wa leo mwenye kununua soseji za barafu.

Lakini saa mbili za moto ni saa mbili za makala. Hapo mupishi anaanza kuhesabu. Bei ya mufuko wa makala ikipanda, mama anatia bikarbonati ndani ya sombe ili ilainike upesi na ibaki na rangi ya kijani. Inalainika kweli. Ila ladha inabadilika, vitamini zingine zinaharibika, na yule mutu wa nyumba mwenye kupenda kula anasema leo sombe haina kitu, bila kujua kwamba anaonja bei ya makala. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka kwenye miti ya Pori la Virunga, ambapo kukata ni makosa ya sheria, kwa hiyo kila mutu anayesimama katikati ya pori na muji anajua namna ya kudai chake. Kinu cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kilifunguliwa mwaka wa 2015 na kinaleta umeme mupaka Goma. Lakini katika majiko mengi umeme unawasha taa na simu, na sufuria inabaki kwenye makala.

Sasa vitu vya sahani vichukuliwe kimoja kimoja. Goma iko kwenye urefu wa karibu metre 1.500 juu ya bahari. Michikichi haipendi baridi hiyo. Mawese inatoka chini, upande wa Walikale, wa Beni, ama Mwenga na Fizi kwa watu wa Kivu ya Kusini. Majani ya muhogo yanatoka Rutshuru, Kalehe na mabonde ya Masisi. Muhogo wa bugali unalowanishwa, unaanikwa na kusagwa mbali na muji. Sambaza peke yake ndiyo jirani, na hata yeye ni mugeni: alitolewa katika Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya ziwa hilo hapakuwa na samaki wa kuvuliwa. Ni ndugu wa ndakala ya Uvira. Leo wavuvi wanamufuata usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa juu ya maji, na nyimbo zao zinasikika mupaka kwenye nyumba za kando ya ziwa.

Kwa hiyo sahani moja inayokaa juu ya meza ndogo katika Majengo ama Kadutu imekusanya vitu vya teritware tatu ama ine. Na kila kimoja kimepita bariyeri.

Mwaka wa 2017 watafiti wa shirika IPIS la Ubelgiji walihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Zingine ni za serikali, zingine za wanajeshi, zingine za vikundi vyenye silaha, na zingine ni kamba tu na vijana wawili wenye njaa. Tangu hapo wenye kushika kamba wamebadilika katika sehemu nyingi, lakini kamba yenyewe haikutoka. Mama anayebeba vifurushi vya sombe juu ya kichwa analipa. Mwenye pikipiki aliyepakia bidomu mbili za mawese analipa. Mwenye lori analipa sehemu kumi, kisha anagawanya malipo yake juu ya kila kilo. Hakuna hata mumoja kati yao anayekula hasara hiyo. Anayeikula ni mutu wa mwisho, yule mwenye kusimama mbele ya meza ya soko na noti za franka mukononi akiuliza kwa nini kikombe kimekuwa kidogo.

Kuko wakati ambapo barabara haikatwi na kamba bali na vita. Mwezi wa 2 mwaka wa 2024, mapigano yalipofika karibu na Sake, njia ya Masisi ilifungwa, na maharagi, mboga ambayo kila mutu alifikiri haiwezi kukosa, ikapanda bei mbele ya macho ya watu. Hata jibini ya Masisi, ile ya mviringo ambayo watu wa Kinshasa wanaagiza kila mara ndugu yao anaposafiri, ilianza kuulizwa kama habari za mugonjwa. Watu na mizigo wakakimbilia ziwa. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka huo, boti lililotoka Minova likazama karibu kabisa na kufika Kituku, na watu wengi sana wakafa maji wakiwa wanaona tayari soko mbele yao. Wengi walipita majini sababu barabara ilifungwa.

Wengine watasema ni haya kuzungumuzia ladha ya sombe wakati watu wanakufa. Sauti hiyo inastahili heshima, lakini inakosea. Mutu aliyekimbia na watoto wake haachi hamu yake nyuma pamoja na godoro. Katika makambi yaliyozunguka Goma, kule Kanyaruchinya na Bulengo, mbele yabomolewe mwaka wa 2025, jamaa nyingi ziliishi kwa unga na maharagi ya musaada, wakati musaada ulifika. Unga ulikuwa chakula, ndiyo. Lakini wanawake waliuza sehemu ya posho yao ili wanunue mboga kidogo na mafuta. Wengine waliona hiyo ni ujinga, ao hata ulaghai. Haikuwa hivyo. Mutoto anayekula kitu kimoja siku arobaini anakataa kula, na kila mama anajua hilo.

Kuko hasara ingine ambayo haihesabiwi kwenye ripoti yoyote. Binti aliyeingia kambini akiwa na miaka saba, akatoka na miaka kumi, hakuona mama yake akitwanga. Kinu kilibaki kijijini, na moto wa kambini haukutosha kuchemusha sombe saa mbili. Hajui ni wakati gani kifuniko kinaondolewa. Atanunua sombe iliyosagwa na mashini sokoni, jambo ambalo si baya, lakini akiipika dakika makumi mbili kwa kuogopea makala, hapo si ladha tena inayopotea. Ile sumu haijui kwamba mupishi ni mutoto.

Wanaoongoza, wawe nani na wakae muji gani, wanapenda kusema kwamba wanafikiria tumbo la raia. Basi raia awaone wakifanya mambo yenye kupimika. Chakula kinachobebwa juu ya kichwa, juu ya baiskeli ama pikipiki kipite bila kulipa kwenye bariyeri yoyote, na bei za kodi halali za lori ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila soko, ili mama muuzaji ajue nani anamuibia. Njia ndogo za kutoka mashambani zitengenezwe mbele ya njia za kupitishia wakubwa. Umeme uuzwe kwa bei ambayo inaweza kushindana na makala. Kama sivyo, Pori la Virunga litaendelea kuungua sufuria kwa sufuria, hata walinzi wakiongezwa.

Na yule mutu mwenye kupenda kula naye ana sehemu yake. Mara nyingi ni mwanaume. Anajua kusifu, anajua kulaumu, anajua kupiga picha ya sahani na kuituma kwa rafiki zake walio Ulaya ili wammezee mate. Kinu hakijui. Siku ya posho, kama anapita Kituku mbele jua halijawa kali, atakuta wavuvi wamefika, sambaza ingali inangaa ndani ya beseni, na wamama wa majani wamekaa upande wa juu na vifurushi vyao. Aulize bei. Kisha amuulize yule mama wa sombe amelipa ngapi njiani mbele ya kuketi pale, na awe tayari kusikiliza, juu jibu lake ni refu.