Chupa mbili za dawa nilizotupa bure

Kwa nje muhogo wangu ulikuwa umenona. Nilipoukata kwa panga nikakuta ndani mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Shina la pili vile vile, la tatu vile vile. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mtafiti Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima tunayoiona kutoka hapa Muheza. Karibu miaka tisini sasa.

Msimu uliotangulia, majani ya chini yalipoanza kuwa ya njano, muuza duka alinipa dawa ya kupulizia. Nikanunua chupa mbili, sijui hata napulizia nini.

Kumbe nilikuwa napigana na uzi. Kirusi kinacholeta ugonjwa huu kina urefu wa nanomita kama 650, hivyo zinahitajika nyuzi zaidi ya 1,500, kichwa kwa mkia, kutimiza milimita moja. Mama yangu hushona kikapu kwa ukili mmoja mrefu unaozunguka, kila mzunguko ukishikizwa kwenye ule uliotangulia. Kirusi nacho ni hivyo hivyo: protini ya aina moja, imerudiwa tele, inauzunguka ukanda wa RNA, yaani maandishi yake ya urithi, wenye herufi kama 9,000. Ndugu yake anayeshambulia matikiti alichunguzwa kwa hadubini ya elektroni, na umbo lake likatangazwa mwaka 2017: kila protini hukamata herufi tano, kisha hunyoosha mkono laini kumshika jirani. Ndiyo maana uzi unapinda bila kukatika.

Sasa hapo dawa itaua nini? Kitu hiki hakili wala hakipumui. Kimejificha ndani ya seli, kinajizalisha kwa mitambo ya muhogo wenyewe. Dawa huenda ikaua inzi weupe wanaokisambaza. Lakini pingili iliyokwisha kuambukizwa haiponi.

Na pingili zangu nilizipata kwa jirani. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi, unaomba unapewa. Naipenda desturi hiyo, lakini jicho halioni herufi za RNA. Kipimo cha maabara kinaziona. Fedha za ruzuku ya kilimo ziende huko, kwenye kupima mashamba ya pingili, hata kama itabidi tuzinunue.

Juzi bibi mmoja alikuja kuniomba vijiti vya kupanda. Nikamwambia sina vizima. Akalitazama shamba langu, majani yamefunga kabisa.

“Mjukuu wangu, hata muhogo siku hizi unaninyima?”