Jina la kijiji ni mtaji

Mgeni anayetaka kuonja mvinyo wa Barolo, katika vilima vya Langhe kaskazini mwa Italia, hupiga simu kwanza. Viwanda vingi huko ni vya familia: anayefungua lango ndiye aliyeshinda shambani, na anayemimina mvinyo huenda ni mama yake. Mgeni huoneshwa mapipa, huonja, hulipa na kuondoka na chupa zake. Dalali hayupo.

Kinachomvuta mgeni mpaka langoni ni jina. Kwa sheria, mvinyo hauitwi Barolo mpaka zabibu zake ziwe aina ya Nebbiolo, zitoke katika eneo la vijiji 11, na ukomae angalau miezi 38, ikiwemo 18 ndani ya mbao. Mwenye shamba dogo analindwa na sheria hiyo hiyo inayomlinda tajiri.

Afrika Mashariki nayo ina majina: zabibu za Dodoma, mchele wa Kyela, kahawa ya Mlima Elgon. Lakini mchele wa kwingine ukitiwa kwenye gunia la Kyela na kuvushwa mpaka, mkulima ameibiwa na mteja ameibiwa. Faida ya leo inaua soko la kesho.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kweli, ila kisipolindwa jina, huuzwa na wengine. Wafanyabiashara wa mpakani, wabebaji wa majina hayo, wawe wa kwanza kuidai sheria hiyo kwa Jumuiya, na wa kwanza kuacha kuchanganya magunia.