Kabureta, toka mjini mshikaji wangu!

Leo sina umbea wa mastaa wala stori za disko. Nina kesi, na kesi yenyewe imeninyima usingizi siku tatu mfululizo, kwa hiyo kaa mkao wa kula tuimalize pamoja.

Mtaani kwetu Kimara kuna mshikaji wangu wa siku nyingi. Jina lake nalibana, ila kijiweni tunamwita Kabureta. Jina hilo hakupewa bure. Jamaa anapenda magari ile mbaya! Ana Corolla KE70 ya mwaka 1982, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ile yenye injini ya 4K na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiigusa bodi kwa kidole anakuja na kitambaa kufuta. Ukifunga mlango kwa nguvu hamuongei mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa bwana, tangu Januari 2023 mke wake, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa Iringa. Akaenda na binti yao, wakati huo ana miaka miwili. Makubaliano yalikuwa Kabureta atafuata baada ya miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine, jamaa bado yupo Kimara na Corolla yake. Ukimuuliza anakwambia, "Ndugu yangu, huko Iringa nitapata wapi spea za KE70? Fundi wa kabureta nitamtoa wapi? Na Jumapili nitakutana na nani?"

Alipokuja kuniomba ushauri sikufikiria hata dakika mbili. Nikamwambia abaki. Nikampangia na hoja kabisa: Gerezani ndipo kwenye spea, na yeye mwenyewe anauza spea hukohuko. Washkaji wa magari ya zamani wote wapo Dar. Jumapili Coco Beach wanapanga magari, wanafungua boneti, mihogo inaliwa, raha tupu. Nikajiona mshauri wa nguvu.

Ijumaa iliyopita simu ikaita. Namba siijui. Napokea, nasikia sauti ya mama wa watu, taratibu kabisa: "Shikamoo shemeji." Nikaitikia. "Shemeji, nasikia wewe ndiye unayemshauri mwenzangu asije huku. Sikupigii kwa ugomvi. Nilitaka ujue tu kwamba mwanao siku hizi anamwita baba yake 'baba wa kwenye simu'. Juzi walimu wa chekechea wamewaambia watoto wachore familia zao. Yeye kachora mimi, yeye, na simu. Haya, usiku mwema shemeji."

Jamani! Hakunitukana, hakupandisha sauti, lakini nilibaki nimeshika simu kama nimepigwa shoti. Afadhali angenitukana, ningejibu.

Ndipo nikakaa chini kuipiga hesabu upya, safari hii kwa haki. Na jambo la kwanza nililogundua ni aibu yangu mwenyewe. Nilimwambia abaki kwa sababu gani? Kwa sababu ki-mkweche changu kikigoma asubuhi, Kabureta ndiye anayekuja na spana bila kudai hata soda. Kwa sababu Jumapili ndiye anayenipa lifti ya Coco Beach. Kumbe ushauri wangu ulikuwa wa kujitetea mimi! Msomaji, jihadhari na mshauri anayefaidika wewe ukibaki ulipo.

Haya, tuje kwenye gari lenyewe, maana Kabureta hasikii lugha nyingine.

Swali la kwanza: huyu mpenzi wa magari anaendesha kiasi gani hapa mjini? Kazini Gerezani anakwenda na mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza mwaka 2016, yanayomtoa Kimara mpaka mlangoni kwake. Na hana kosa, maana ukiingiza gari la mwaka 1982 kwenye foleni ya Morogoro Road saa moja asubuhi, rejeta itachemka kabla hujafika Magomeni. Kwa hiyo Corolla inatoka Jumapili tu, tena siyo kila Jumapili. Tuseme mara mbili kwa mwezi. Kimara hadi Coco Beach na kurudi hazizidi kilometa 40. Mara mbili ni 80. Zidisha kwa miezi 12, unapata 960. Mwaka mzima mpenzi wa magari haendeshi hata kilometa 1,000!

Sasa angalia upande wa pili. Dar hadi Iringa ni kama kilometa 500. Kwenda na kurudi ni 1,000. Yaani safari moja tu ya kwenda kumuona mtoto inazidi mwendo wote wa mwaka mzima wa hapa mjini. Halafu ni mwendo wa maana: unatoka Morogoro, unapita katikati ya mbuga ya Mikumi tembo wakikuangalia (punguza mwendo, mtu wangu, mnyama hana indiketa), unashuka bonde la Ruaha kwenye mibuyu, halafu unakutana na mlima Kitonga. Hapo ndipo utajua kama una gari au una pambo la sebuleni. Lakini yeye kila akienda Iringa anapanda basi! Eti gari ni la kutunza.

Swali la pili: kutunza. Nani kamwambia Dar inatunza gari? Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi na unyevu vinazaa kutu, na kutu haina urafiki na bati la mwaka 1982. Mwenyewe ameshachomelea sakafu ya gari lake mara mbili. Iringa haina bahari, na hewa yake ni kavu na ya baridi. Bodi la gari likiweza kusema lingeshaomba uhamisho kabla ya mwalimu.

Nisiwe kama mpiga debe anayesifia basi bovu. Iringa ina yake. Mji upo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu, kwa makadirio kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Na kabureta haina kompyuta ya kujua kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha Dar wakati hewa imepungua. Matokeo yake moshi mweusi, plagi zinakuwa kama mkaa, na petroli inaliwa bure. Dawa yake ni kubadili jeti, uweke yenye tundu dogo zaidi, na kurekebisha saileensa. Kazi ya nusu siku kwa anayejua. Na nani anayejua kuliko mtu anayeitwa Kabureta?

Spea je? Hapa jamaa ananichekesha. Kila siku yeye mwenyewe anafunga vifurushi pale dukani na kuvipakia kwenye mabasi ya mikoani. Anamtumia fundi wa Mbeya, wa Songea, wa Iringa hukohuko! Kesho yake kimefika. Leo eti yeye akihamia huko mabasi yatagoma kubeba kifurushi chake?

Kinachobaki ni ugali, na hapo simcheki hata kidogo. Hapa ana mshahara wake; kule ataanza na sifuri. Kufungua duka kunataka mtaji, na wateja hawaoti kama uyoga. Ila Iringa ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, malori na mabasi yanapita usiku na mchana, na chombo kinachopita lazima kiharibike. Ushauri wangu mpya: asifunge mlango wa Dar kwa kishindo. Aombe likizo, aende mwezi mmoja, azungukie gereji zote za Iringa aone mafundi wanahangaikia spea gani, akubaliane na bosi wake awe anachukua mzigo huku anauza kule. Mshahara wa mwalimu utashika nyumba wakati yeye anatafuta miguu. Ikigoma kabisa, Dar ipo, haihami.

Washkaji wa Jumapili? Tutaonana Pasaka. Sisi tumemzoea miaka kumi na tano, hatutamsahau kwa miezi mitatu. Mtoto wa miaka minne ndiye anayesahau.

Jumatatu nikaenda kumwambia yote haya, pamoja na lile la mchoro. Nilitegemea abishe, maana kwa ubishi jamaa hana mpinzani Kimara nzima. Hakubisha. Aliuliza tu, "Simu kaichora rangi gani?" Nikamwambia sijui. Akageuka akaendelea kupanga bushi kwenye shelfu, na mimi nikaondoka nikijua nimemuudhi.

Juzi nimepita tena dukani kwake kununua fenibelti. Kwenye kaunta, pembeni ya kikombe chake cha chai, nikaona jeti mbili za kabureta, matundu madogo, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Sikuuliza ni za mteja gani. Nikalipa fenibelti yangu, na kwa mara ya kwanza nikamwomba anifundishe kuifunga mwenyewe.

Na wewe unayebaki mjini kwa sababu ya gari, ya muziki, au ya kijiwe, hebu piga hesabu ya kilometa zako. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.