Msiwanyang'anye simu kabla ya kuwauliza

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana wetu mlioko vyuoni,

Jumamosi ijayo baada ya masomo tuna kikao, na ajenda mnaijua: kundi la WhatsApp la vijana wakubwa lifungwe au liendelee. Maneno yenu nimeyasikia pale mlangoni mnapokuja kuwachukua watoto. Wengi mnataka lifungwe. Mimi naomba liendelee, na nawaomba mnisikilize kwanza, kwa sababu hilo mnalotaka kulifanya mimi nilishalifanya.

Ilikuwa 2020. Mnakumbuka nchi ilivyofungwa mwishoni mwa Machi, na masomo ya vyuo yakahamia kwenye simu. Kijana wangu mkubwa alikuwa mwaka wa pili, anasoma mipango miji. Usiku mmoja ambao sikuwa zamu niliamka kunywa maji, nikaona mwanga chini ya blanketi. Saa saba usiku. Vidole vinakimbia, na anacheka peke yake. Sikuuliza kitu. Nilimnyang'anya simu, nikaizima, nikaificha kabatini chini ya sare zangu za kazi. Asubuhi aliniamkia kwa sauti ya chini, basi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Mhadhiri wao aliwagawa katika vikundi vya watu sita na kuwapa swali la kubishania mtandaoni: watu waliojenga kando ya mto, wahamishwe au wajengewe kinga? Kila mmoja aandike upande wake na sababu zake, kisha awajibu wenzake wawili. Alama zilikuwa humo humo. Mwanangu alishaandika hoja yake, binti mmoja akaipangua vizuri, naye alikuwa anatafuta la kumjibu. Muda ukaisha asubuhi ile, simu iko chini ya sare.

Na kwa nini saa saba usiku? Hapo ndipo aibu iliponishika. Mwaka ule, kuanzia Juni, wanafunzi wa vyuo vya umma walipewa data kila mwezi, GB 10 za mchana na GB 20 za usiku. Za mchana zilimalizwa na mihadhara ya video. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna intaneti ya ukutani alisoma usiku kwa sababu usiku ndio aliopewa.

Mnasema sisi tulisoma bila simu na tukafaulu. Sawa, lakini hatukusoma kimya. Mliosoma Tanzania, kumbukeni diskasheni. Kidato cha nne, mtihani uko mlangoni, tunakaa chini ya mwembe. Aliyeelewa hesabu anafundisha hesabu, aliyeelewa baiolojia anafundisha baiolojia, na aliyekaa kimya anabanwa: "Haya, wewe rudia." Mimi mzunguko wa damu sikuuelewa kwenye daftari. Niliuelewa siku niliposimama kuuchora nikakosea, wakanicheka. Leo ndiyo kazi inayonilisha. Sasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mwenye kazi na familia, mwenzake yuko mkoa mwingine kabisa, mwembe wake ni upi kama si mtandao?

Wodini mambo ni hayo hayo. Mwanafunzi wa uuguzi anayesimama nyuma akiitikia "ndiyo, sista" ndiye anayenitia hofu. Namwuliza, unaona nini kwa mgonjwa huyu? Akishasema, hata akikosea, najua pa kuanzia naye.

Liko jambo jingine, na nyinyi mliotoka Bukavu na Uvira mnalijua kuliko mimi. Watoto wetu hawanyanyui mkono ukumbini. Mtoto aliyeitwa kwerekwere darasa la tatu kwa sababu ya lafudhi yake hajasahau, hata kama sasa ana ndevu. Kwenye maandishi lafudhi haisikiki. Ana muda wa kufikiri, kufuta, kuandika tena. Mwanangu huyo huyo, ambaye walimu wake wa sekondari walikuwa wanauliza kama anaongea nyumbani, kwenye kikundi kile ndiye aliyekuwa mbishi.

Sisemi kila kundi ni darasa. Mengi ni vijiwe, na letu nalo lina siku zake za kijiwe. Wanaoandika ni wale wale watano, wengine wanasoma tu na kuweka kidole gumba. (Vijana, kidole gumba si mchango.) Na kuna kudesa: mmoja anaweka jibu zima, wengine wanalibeba lilivyo. Hayo yana dawa. Moodle, programu inayotumiwa na UKZN na vyuo vingi, ina aina ya majadiliano ambayo huoni majibu ya wenzako mpaka uandike lako. WhatsApp haina hiyo, lakini sisi tunaweza: swali litoke Jumapili jioni, kila mmoja amtumie admini jibu lake pembeni, na Jumatano yote yawekwe kundini kwa pamoja. Wagawanywe sita sita. Na swali liwe la kuchagua upande, maana "eleza maana ya" ndiyo inayozaa kudesa.

Liwe kwa Kiswahili pia, maana ndiyo shule yetu. Mwezi uliopita binti anayesoma uhasibu alieleza uchakavu wa mali kwa mfano wa teksi ya baba yake. Kijana mmoja akabisha kwamba gari likiwekewa injini mpya thamani inapanda. Walibishana siku mbili, na binti akakiri kwamba darasani alikuwa amekariri tu, hakuwa ameelewa. Mimi niliyeishia sekondari niliufuata ubishi ule mpaka mwisho.

Kuhusu usiku nakubaliana nanyi nusu. Bando la usiku bado ni rahisi kuliko la mchana, kwa hiyo siwezi kuwaambia wazime saa tatu. Kundi linyamaze saa sita, na walio bado sekondari watolewe, wawe na lao la mchana. Mzazi mwenye shaka aombe kuonyeshwa kinachoandikwa. Mimi ningeuliza, ningeonyeshwa.

Jumamosi nitakuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Nikisinzia, tafadhali mniamshe kabla ya kura.